Injini Iliyopimwa Nakuru

Kenton, London, Jumapili, 6 Oktoba 1968

Nimeanza daftari hili kwa sababu leo sikusema na mtu tangu asubuhi hadi jioni, na nilipofungua mdomo kumjibu mkamwana wangu sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Heri niseme na karatasi. Naandika Kiswahili makusudi. Mwanangu Harjit husoma Kiingereza, mkewe Balbir husoma Kipunjabi, na wote wawili wana macho mepesi. Kiswahili wanakisema tu, kile cha jikoni na dukani. Kukisoma hawana subira. Tena mambo ya injini sijui kuyafikiri kwa lugha nyingine. Miaka ishirini na miwili ya karakana yangu pale Nakuru ilikwenda kwa Kiswahili, matusi na yote.

Basi, habari yenyewe. Mimi ni Gurdial, fundi wa magari, miaka hamsini na tisa, nimefiwa na mke. Mwezi wa Julai, kiwandani, kreti la vyuma liliniangukia goti la kushoto. Madaktari wamelishona, wamelifunga, wamelifungua, na sasa linakunja nusu tu wala halina nguvu ya kukanyaga klachi. Nalo gari langu, Jagwa ya mwaka 1957 niliyoshindania mbio za Pasaka mara tatu, limefika kutoka Mombasa kwa meli iliyozunguka Afrika nzima kwa sababu mfereji wa Suez umefungwa. Limekaa ndani ya gereji ya kukodi nyuma ya maduka, na mimi siwezi kuliendesha.

Jioni hii Harjit amesema, mbele ya sahani ya dengu, kwamba mwenye gereji anaitaka nafasi yake tarehe 31 Machi. Kufikia siku hiyo, kama gari halitembei na mimi mwenyewe siko kwenye usukani, litachukuliwa na Mzungu mmoja wa Pinner anayekusanya magari ya mbio. Nimekubali. Ningefanya nini, na kila mlango wa nyumba hii ni wa mtu mwingine?

Kwa hiyo nina karibu miezi sita ya kutafuta giaboksi ya otomatiki, ile isiyotaka mguu wa kushoto, na kuifunga kwenye injini ambayo haikuzaliwa kwa mambo hayo. Injini niliijenga mwenyewe, kwa mikono hii. Nitaweza.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Nimekwenda gereji na fimbo, nimekaa ndani ya gari, nimerudi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepanda basi hadi Kilburn, kwenye duka la vipuri vikuukuu. Mlangoni pana ngazi mbili za mawe. Goti likakataa, nikaitukana ngazi kwa Kiswahili cha karakana, tusi refu la Nakuru.

"Ngazi haijakukosea kitu, mzee," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ingia taratibu."

Nusura niangushe fimbo. Anaitwa Msabaha, Mzanzibari, alikuwa karani wa forodha mpaka mwaka 1964, alipoondoka na shati alilovaa. Mkewe amebaki kule, hapewi ruhusa ya kutoka. Sasa anauza vioo vya taa na milango ya magari yaliyogongwa. Tulizungumza saa nzima. Nilikuwa na njaa ya maneno na sikujua.

Alinionyesha giaboksi mbili zilizolala juu ya magunia. Ya kwanza ya Kiingereza, nyepesi, gia tatu, inaingia chini ya Jagwa bila kukata kitu. Ya pili ya Kimarekani, imetoka kwenye gari kubwa la ubalozi. Wanaume wawili hawaiinui bila kugombana, na ili iingie ni lazima kukata sakafu ya gari. Zote mbili hazina klachi ya mguu. Mahali pake pana bakuli la chuma lililojaa mafuta: injini inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha giaboksi.

Tatizo ni tabia. Injini ya mbio haina nguvu chini. Ukiiendesha polepole inakohoa na kunung'unika, kisha ikifika mizunguko elfu tatu kwa dakika inaamka. Giaboksi ya otomatiki hupenda mambo ya taratibu, hubadilisha gia kabla injini haijamaliza kusema. Kuwaoanisha hawa wawili kunataka mshenga mwenye akili.

"Hiyo injini yako ina nguvu ngapi, Singasinga?" Msabaha akauliza.

"Farasi mia na tisini. Tulipima kwa mtambo wa karakana ya reli, hapo Nakuru."

"Basi yakhe, hii ndogo yabeba mia mbili na kumi. Yakutosha. Lakini usinishike shati baadaye. Mie nguvu za farasi nimeziona kwenye makaratasi ya forodha tu."

Nimeshinda jioni nzima na kijitabu changu cha vipimo. Mia na tisini, kimeandikwa wazi kwa wino.

Jumatatu, 21 Oktoba

Diwali, sikukuu ya taa. Balbir amepanga mishumaa dirishani. Jirani Mwingereza amebisha hodi kutuuliza kama umeme wetu umekatika, kwa sababu wake unawaka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mwaka huu serikali imeamua saa zisirudishwe nyuma kama inavyofanywa kila majira ya baridi. Saa moja ya asubuhi bado ni giza. Harjit na Balbir wanatoka kwenda kazini kama wezi, viatu mkononi ili wasiniamshe. Hawajui kwamba nimekwisha amka, nimelala tu nikiwasikiliza wakinionea huruma.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya kuzaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yetu. Tumekwenda gurdwara, nyumba yetu ya ibada, kule Shepherd's Bush, tumekula, tumerudi. Jioni mtaa mzima ukaanza kupiga fataki, maana Waingereza nao wana sherehe yao leo. Nikamwambia Harjit, waone, hata hawa wanamsherehekea Guru. Hakucheka. Tungekuwa Nakuru angecheka. Tangu nimeumia ananitazama kama mzigo asiojua aushike wapi, na mimi namjibu kwa ukali ili asione kwamba nimeona.

Jumapili, 10 Novemba

Mzungu wa Pinner amekuja kutazama. Ni mtu wa adabu, alivua kofia mbele ya gari kana kwamba ameingia nyumba ya ibada. Nikawasha injini. Ilinguruma mpaka paka wa muuza samaki akapotea. Mzungu akauliza injini imejengwa na nani.

"Mimi," nikasema.

"Peke yako?"

"Nilikuwa na mtu wa kunishikia taa."

Harjit alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama viatu vyake.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamua. Giaboksi ndogo. Haikati sakafu, haili nguvu nyingi ya injini, na hesabu inakubali: mia na tisini ndani ya mia mbili na kumi. Nimelala vizuri.

Jumapili, 1 Desemba

Msabaha amefunga Ramadhani, na amefunga nati pia, amelala chini ya gari tangu asubuhi, mdomo mkavu. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Nikapumzike wapi? Chumbani mwangu kuna kitanda na saa ya ukutani. Saa nimeichoka." Mimi nasoma vipimo, yeye anakaza. Hajawahi kushika spana maishani kabla ya kuja nchi hii, lakini mikono yake inasikia maneno.

Balbir ameleta chupa ya chai, akasimama mlangoni, akamwona Msabaha na saumu yake, akaona haya. Akarudi nayo.

Jumapili, 8 Desemba

Imeingia. Bolti zote zimekaa mahali pake. Jumapili ijayo tunalitoa nje.

Jumapili, 15 Desemba

Naandika polepole, maana hasira bado ninayo.

Saa nne asubuhi barabara zilikuwa tupu. Harjit alikaa kando yangu, Msabaha nyuma. Nikasukuma kijiti cha gia mbele, nikaachia breki, na gari likaondoka lenyewe, bila klachi, mguu wangu wa kushoto umelala kama abiria. Nilicheka kwa sauti. Tangu Julai sikuwa nimekwenda mahali popote kwa uwezo wangu mwenyewe. Tulipita maduka, tukapita stesheni, nikawapungia mkono watu nisiowajua.

Kisha tukafika mlima wa kwenda Harrow. Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ilivuta kuliko nilivyokuwa naikumbuka, nikajiambia ni baridi hii, au petroli ya Waingereza ni safi. Mizunguko elfu nne, elfu tano. Giaboksi ikaingia gia ya pili, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Injini ikapiga kelele, gari lisisonge. Nikaachia, nikakanyaga tena. Kelele tupu. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, kisha moshi ukatoka chini ya miguu yetu.

Walitusukuma. Harjit, muuza maziwa, na kijana mmoja aliyekuwa akienda kanisani na mama yake. Msabaha naye alisukuma, na saumu yake, mpaka akalazimika kukaa juu ya ukingo wa barabara. Mimi nilibaki kwenye usukani kama bibi harusi kwa sababu goti haliwezi kusukuma. Watu walijitokeza madirishani kutazama Kalasinga mzee na gari linalofuka moshi.

Gereji tulifungua mafuta. Yalitoka meusi, na ndani yake vipande vidogo vya vile visahani vinavyoshika gia. Vimeungua vyote.

Harjit akajifuta mikono. Akasema kwa Kiswahili, lugha anayotumia anapotaka kunipiga kwa upole, "Baba, basi. Imetosha."

Nikamwambia atoke.

Jumatatu, 16 Desemba

Sikutoka kitandani.

Jumamosi, 21 Desemba

Idi ya Msabaha. Amekuja na sahani ya biriani iliyofunikwa kwa kitambaa, amevaa koti lake zuri. Hana mtu mwingine wa kumpelekea, alisema, Wazanzibari wenziwe wote wana wake na watoto, na yeye hapendi kukaa kwenye kochi la furaha ya watu. Tumekula gereji, juu ya boneti.

"Mie sikuelewi, bwana Gurdial," akasema. "Hesabu ilikuwa sawa. Mpelekee barua fundi alojenga injini hii, muulize imekuwaje."

"Aliyejenga ni mimi."

"Basi jiandikie. Ukishajijibu, nambie."

Alikuwa anatania. Nilimkasirikia, biriani ikanishinda.

Alhamisi, 2 Januari 1969

Nimeliweka jambo hili nje ya daftari kwa miezi mitatu. Nani atalisoma? Niandike.

Linus alikuja karakana mwaka 1948, akitafuta kazi ya kufagia. Mwaka wa pili alikuwa anafungua mabreki. Mwaka wa tano wateja wa mashambani walikuwa wanauliza kama yuko, ndipo waache gari. Nilimwita "boi" mbele yao, naye alikuwa na miaka zaidi ya thelathini na watoto wanne. Injini ya Jagwa aliijenga yeye mwaka 1958. Alifungua kila kitu, akachonga, akapima, akarudisha, akafungua tena, miezi mitatu, baada ya saa za kazi. Mimi ndiye niliyeshika taa. Gazeti liliandika jina langu, na mimi nililikata nikaliweka kwenye fremu.

Nilimwambia, tena si mara moja, kwamba nikiondoka Kenya karakana itabaki mkononi mwake. Alikuwa na mipango. Alitaka kuhamisha mlango mkubwa uangalie barabara ya Eldoret.

Februari mwaka jana ikasemekana Uingereza inafunga mlango kwa watu kama sisi, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza. Kila mtu alikimbia. Harjit alikuwa ametangulia huku, ananipigia simu kila siku, njoo, njoo. Linus alikuwa amekwenda kwao kumzika mjomba wake, siku nne. Katika siku hizo nne niliiuza karakana kwa mtu wa Nairobi, na spana zote, na benchi la Linus, na koti lake lililotundikwa ukutani, nikapanda ndege. Angeliweza kuambiwa. Ningeliweza kumngoja. Sikumwachia hata kijikaratasi, kwa sababu kijikaratasi kingetaka nieleze.

Najionea haya. Hilo ndilo neno lake, sina lingine.

Jumapili, 5 Januari

Harjit amenikuta gereji. Akasema, "Papa-ji, mwandikie Linus."

Nikauliza Linus anahusikaje.

"Mimi nilikuwa naendesha lori letu mwaka ule wa kujenga injini. Kila jioni nilirudi nikawakuta. Najua nani alikuwa ndani ya injini na nani alikuwa amesimama."

Kumbe alijua miaka yote hii, na bado akaniacha niseme uongo mbele ya wageni ili nisiaibike. Mimi nilidhani anatazama viatu kwa sababu amenichoka.

Jumapili, 19 Januari

Wiki mbili nimeharibu karatasi. Kwanza sijui anwani yake. Miaka kumi na tisa, na sijui sanduku lake la posta, sijui jina la baba yake. Barua nimeituma kwa karakana ya reli, Nakuru, kwa yule msimamizi wa mtambo, apewe Linus aliyekuwa kwa Gurdial.

Nimeanza kwa salamu kama inavyopasa, nikaeleza goti, nikaeleza giaboksi mbili na ile iliyoungua, nikauliza kosa liko wapi na nichague ipi. Habari ya kuuzwa karakana sikuigusa. Nilianza sentensi yake mara sita nikaikata mara sita.

Jumatatu, 27 Januari

Hakuna barua.

Jumatatu, 3 Februari

Hakuna.

Jumamosi, 8 Februari

Theluji. Gereji haifunguki, barafu imeshika mlango. Nimebaki ndani na redio.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuna barua. Balbir husimama dirishani kumtazamia mtu wa posta kabla mimi sijashuka, kisha hunitikisia kichwa. Leo chapati yangu ilikuwa na siagi upande wa pili pia. Sijawahi kumwambia asante huyu mtoto.

Jumatatu, 17 Februari

Imekuja. Nainakili hapa yote.

"Kuhusu giaboksi.

Injini ile tuliipima Nakuru, futi elfu sita juu. Hewa ya huku ni nyepesi. Farasi mia na tisini ni za Nakuru. Huko London uko karibu na usawa wa bahari, hewa ni nzito, injini inashiba. Nguvu yake huko inapita mia mbili na thelathini. Giaboksi ndogo ilikuwa lazima iungue.

Chukua ile kubwa. Usiogope kukata sakafu. Bati la sakafu niliongeza mimi wakati ule, chini yake kuna nafasi ya vidole vinne.

Bakuli la mafuta lisianze kushika kabla ya mizunguko elfu mbili na mia tano, kwa sababu kemshafti zile za mbio hazina nguvu chini, gari litazima kwenye taa za barabarani. Giaboksi isibadilishe gia kabla ya elfu tano na mia tano ukikanyaga mpaka mwisho. Kuna springi ndogo ndani, weka ngumu zaidi.

Vile vijitundu vya petroli kwenye kabureta nilivipunguza kwa ajili ya hewa ya huku. Weka vikubwa kabla hujaendesha tena, sivyo utatoboa pistoni.

Linus."

Basi. Ukurasa na nusu.

Nimekaa nayo mkononi. Kila fundi wa Nakuru anajua kwamba gari hukosa pumzi kule juu. Nimewaambia wateja mia. Lakini injini hii sikuwahi kuifikiri, niliikariri tu. Kipimo kilikuwa kwenye kijitabu changu, akili yake ilikuwa kichwani mwa Linus.

Lakini si hilo linalonikaba. Barua haina salamu. Haikuuliza goti langu, haikumtaja Harjit, aliyefundishwa kuendesha na Linus mwenyewe, haikusema yeye hajambo wala kuuliza kama mimi sijambo. Linus ninayemjua alikuwa akiandika barua kwao wakati wa chakula cha mchana, ukurasa mzima wa salamu, mzee fulani, mama fulani, jirani na mtoto wa jirani, kabla hajataja ng'ombe mmoja. Anajua salamu zinawekwa wapi. Kwangu hakuziweka.

Injini ameijibu. Mimi hakunijibu.

Jumapili, 2 Machi

Ile kubwa imefika kwa mkokoteni. Msabaha, Harjit na mimi tumekata sakafu. Chini ya bati kulikuwa na nafasi, vidole vinne, sawasawa. Harjit aliingiza mkono wake akapima, akanitazama, akaondoa mkono.

Balbir ameleta chai. Safari hii aliingia, akamimina vikombe vinne, akanywa nasi. Nikamwambia asante. Alishtuka mpaka akamwaga.

Jumapili, 9 Machi

Bakuli la mafuta tumebadilisha, la kwanza lilikuwa linashika mapema mno, elfu moja na mia nane. Msabaha amepata lingine dogo zaidi, linaloacha injini ipande kwanza. Amelitafuta Kilburn nzima kwa miguu.

Jumamosi, 15 Machi

Springi. Vijitundu vya petroli. Vidole vimekufa kwa baridi.

Jumapili, 23 Machi

Limetembea.

Nilikuwa nimewaambia wote wakae nyumbani. Kama lingeungua, niungue nalo peke yangu. Kwenye taa za kwanza lilisimama likinguruma bila kuzima. Taa ilipobadilika liliondoka kwa ulaini, halikurusha wala kukohoa. Nikafika mlima wa Harrow, nikakanyaga mpaka mwisho. Elfu tatu, nne, tano. Elfu tano na mia tano, na hapo giaboksi ikabadilisha gia kwa pigo moja safi, gari likaendelea kupanda kana kwamba mlima umeinamishwa. Kila alichosema kilitokea pale alipokisema, na London hajaiona.

Nikasema kwa sauti, "Linus, umesikia hiyo?"

Kiti cha kando kilikuwa kitupu. Nilisimamisha gari juu mlimani, nikazima injini, nikalia. Hata kama miguu yangu yote miwili ingekuwa mizima leo, bado ningelia. Nimepata nilichokitaka tangu Oktoba, na mtu mmoja tu duniani angejua nimepata nini, naye nilimkimbia.

Jioni Harjit aliliendesha yeye, akarudi uso unang'aa. Amempigia simu Mzungu wa Pinner kumwambia gari haliuzwi. Mzungu amenitumia pongezi, akasema injini yangu ni kazi ya fundi mkubwa. Nikachukua simu nikamwambia jina la fundi. Akaniomba nilitaje herufi moja moja ili aliandike.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nimempeleka Msabaha Kilburn kwa gari. Alikaa wima kama balozi. Ameniomba tuzunguke mtaa wake mara ya pili.

Jumatatu, 31 Machi

Gereji tumeirudisha kwa mwenyewe. Gari liko nje mbele ya nyumba, majirani wanalizunguka.

Nimeandika barua nyingine asubuhi, na hii sikuikata mahali. Nimeanza na salamu. Nimemsalimu Linus, nimemsalimu mkewe, nimesalimu watoto wanne, na kwa kuwa majina yao siyajui nimesema kwamba siyajui na kwamba ni kosa langu. Nimempa pole ya mjomba, mwaka mzima umepita na sikuwa nimempa. Kisha nimeandika haya:

"Karakana ilikuwa yako. Niliiuza ukiwa msibani kwa sababu niliogopa kufungiwa mlango, na nikaondoka bila kuaga kwa sababu sikuweza kukutazama usoni. Koti lako liliuzwa likiwa ukutani. Injini uliijenga wewe na nimewaambia watu hapa. Gari linakwenda kama ulivyosema. Sina swali la giaboksi. Sina swali lolote."

Miaka yote ile sikuwahi kumwita Linus bila kutaka kitu. Nimeisoma mara mbili, nimeifunga, nimeipeleka mwenyewe kwa gari hadi posta.

Sitarajii jibu. Nyuma ya bahasha nimeandika anwani yangu kwa herufi kubwa, nikaipitia tena kwa kalamu ili mvua isiifute.